Jina la Baba Lilivyopita Mikononi mwa Watu

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima yote, wewe na mama yako Kambo na mudogo wangu Mado. Nilitaka kuanza kwa kuuliza habari za mguu wako na kama maji yamerudi kwenye bomba la mtaa wetu wa Kikula. Lakini leo salamu zinisamehe, zitafuata nyuma. Tafadhali kaa chini. Kama barua hii imekukuta sokoni mbele ya watu, ikunje kwanza, uende nyumbani.

Baba yuko hai.

Nimemsikia kwa sikio langu mwenyewe. Yuko Mbuji-Mayi, ni mzima, anatengeneza jenereta za wanunuzi wa almasi. Hana mke mwingine. Nimekuandikia hayo kwanza ili ulie kama unataka kulia, halafu upate nguvu ya kusoma namna ilivyotokea. Namna hiyo ndiyo inayonifanya mpaka sasa nisimame dirishani, nikiangalia watu wanaopita barabarani na kujiuliza binadamu ni kiumbe gani hasa.

Sasa salamu. Mguu umepungua kuvimba? Dawa nilizotuma zilifika, au ziliishia mikononi mwa watu wa kiwanja cha ndege? Kambo bado anagombana na kuku wa jirani? Mado anaendelea na shule, au walimu bado wamekaa nyumbani? Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba mishahara imekuwa hadithi tu, na kwamba siku hizi unawaona hata waliokuwa makarani wanavunja mawe upande wa Kakontwe. Nilisoma nikashindwa kumaliza chakula changu. Mimi sijambo. Baridi ya huku nimeizoea, na watu wake nimewazoea zaidi kuliko baridi.

Nakuandikia Kiswahili kile cha kanisani, maana ndicho macho yako yamezoea kusoma. Ila maneno ya Baba nitayaacha vile alivyoyasema, ili umsikie.

Kila barua unaniuliza: kazi yako kule ni nini hasa, mbona hujawa daktari wa wagonjwa? Leo nitajaribu kueleza, kwa sababu bila hiyo hutaelewa tulivyompata Baba. Mimi nachora watu, Mama. Kwenye kompyuta, mtu ni nukta, na mstari kati ya nukta mbili maana yake hawa wawili wanajuana. Nikishachora watu wengi mno, nauliza: habari ikianzia kwa huyu, itamfikia yule wa mbali? Itapita wapi? Itafia kwa nani? Kuna na upande wa pili wa kazi yangu, unaitwa nadharia ya michezo, ingawa hakuna anayecheka. Ni hesabu za mtu anayejiuliza: nikimsaidia mwenzangu nitapata nini, naye akinigeuka nitapoteza nini? Basi. Ndiyo kazi iliyonila miaka yote hii.

Mwaka jana nilijenga ndani ya kompyuta mji wa watu ambao kila mmoja anajua majirani zake tu. Habari ilitambaa nyumba hadi nyumba, polepole, kama mgonjwa anayeshika ukuta. Kisha nikakata mistari michache sana, nikaiunganisha mbali, kwa kubahatisha: mtu wa huku akajuana na mtu wa mwisho wa mji. Nilitegemea badiliko dogo. Mama, mji wote ulisogeleana mara moja! Yule wa mwisho kabisa akawa karibu na kila mtu. Nilidhani nimekosea. Nikafuta yote, nikaandika upya kwa njia nyingine, nikapata jibu lile lile. Nilitoka nje bila koti nikatembea kwenye theluji, maana nilishindwa kukaa nalo peke yangu chumbani.

Na huko nje wazo likanipata. Nikasema, kama dunia imefumwa hivi kweli, basi kati yangu na Baba kuna watu wachache tu.

Sihitaji kukukumbusha, lakini acha niandike, maana sijawahi kuyaandika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuja huku kwa masomo yangu. Ni wewe uliyenisimulia: vijana wakipita na matawi mikononi, wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Baba, aliyezaliwa Likasi, aliyepanda nguzo za umeme kutoka bwawa la Koni tangu ujana wake, akaambiwa aende kunakoitwa kwao, ambako hakuwahi kukanyaga. Kambo alikataa kubebwa, nawe hukuweza kumwacha mama yako. Kila siku ulimpelekea Baba chakula pale stesheni, alipolala na maelfu ya wenzake, mpaka asubuhi moja ukafika na sufuria yako ukakuta hakuna mtu. Treni ilikuwa imeondoka. Uliniandikia kwamba ulikaa pale, ukala kile chakula mwenyewe, ili kisiharibike.

Tangu hapo hakuna neno lililofika. Karibu miaka minne.

Nilimwambia profesa wangu nilichotaka kufanya. Ni mzee mwema, mrefu, mwenye mashaka juu ya kila kitu. Akavua miwani.

"Watu wako wa kompyuta hawachoki," akaniambia. "Hawaogopi askari, hawana njaa. Kule kwenu, kila atakayeshika karatasi yako atajiuliza anapata nini akiipeleka mbele. Hapati kitu. Ataiacha. Unajua hivyo kuliko mimi."

Alisema kweli, maana hesabu aliyoitaja ilikuwa yangu mwenyewe. Sura nzima ya kitabu changu cha udaktari inaonyesha kwamba kazi kama hiyo, isiyo na faida kwa yeyote kati ya wanaoifanya, hufa baada ya mikono michache. Niliiandika mimi, na wakubwa wa chuo waliisifu.

Hata hivyo nilikata karatasi, nikaandika: "Natafuta Kabeya, fundi wa laini za umeme, mtu mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, aliondoka Likasi kwa treni pamoja na waliofukuzwa. Mkewe na watoto wake wanataka kujua kama yuko hai. Kama humjui, mpe karatasi hii mtu mmoja unayemjua wewe mwenyewe kwa jina, unayefikiri yuko karibu naye kuliko wewe. Andika chini jina lako na mji wako." Nikaweka namba ya simu ya ofisi yetu. Nikatengeneza nakala nyingi, nikazigawa kwa watu mbalimbali: wanafunzi wa kwetu, padri mmoja, na Tshiala, yule dada wa Kikasai anayenisuka nywele. Wewe sikukuambia. Nilifikiri umeshazika tumaini lako kwa taabu, nisije nikalifukua bure.

Ikapita miezi. Nakala moja ilirudi kwangu ikiwa na alama ya kikombe cha kahawa. Nyingine sijui zilizama wapi mpaka leo. Nikaacha kuitazama simu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida, nasahihisha mitihani ya wanafunzi. Katibu wetu, Madamu Godelieve, mama mnene ambaye sijawahi kumwona akiharakisha jambo, alikuja anakimbia kwenye ukumbi. Alinishika mkono akanivuta mpaka ofisini kwake, akanitia simu sikioni.

Laini ilikuwa inalia kama bati kwenye upepo. Na sauti ilichelewa: ukisema, unangoja kidogo ndipo mwenzako asikie, halafu mnagongana maneno katikati.

"Allô? Allô? Ni nani iko pale?"

"Ni Ngalula."

Laini ikalia tena.

"Ngalula wa nani?"

"Ngalula wa Kabeya. Wa Kikula."

"Sema jina ya kambo yako, mama ya mama yako."

"Kambo Numbi! Ule alikatalaka kupanda treni, asema atakufia mu nyumba yake!"

Nikasikia mtu anacheka. Mama, sauti ya mtu inazeeka, lakini kicheko hakizeeki. Kile cha kuanzia puani, kilichokuwa kikikutia aibu kanisani.

"Minye baba yako," akasema. "Mwana, niko muzima. Nimekonda tu. Karatasi yako ilinikuta chini ya jenereta, mikono iko na mafuta, nikaogopa kuishika. Nikaomba dereva anisomee. Nikamwambia asome tena. Sasa bwana ya hii simu, muntu ananunua almasi, amenipatia dakika kidogo tu. Kambo Numbi iko?"

"Iko, Baba. Anagombana kila siku."

"Mungu anapenda bantu ya namna ile." Sauti yake ikabadilika, ikawa ya adabu, kama mtu anayeongea na mgeni. "Na mama yako? Iko muzuri na bwana yake?"

"Bwana gani?"

"Ule mwanaume anakaa mu nyumba yangu. Muntu mumoja ya Likasi alimuona. Asema alimukuta anatengeneza mulango. Mi sikasiriki, Ngalula. Uambie mama yako, asema mi sikasiriki."

Nilipiga kelele mpaka walimu wakatoka vyumbani kwao.

"Baba! Ule ni Mjomba Ilunga! Ni kaka ya Mama! Alikuja kukaa na Mama na Kambo, juu bantu basikamate nyumba!"

Maneno yangu yakaondoka. Nikayangoja yafike kwake. Yalikawia, Mama, sijawahi kungoja kitu namna hiyo. Nilisikia tu jenereta ikiunguruma huko Mbuji-Mayi, na watu wakibishana juu ya kitu kingine, na pumzi ya Baba.

"Ilunga," akasema mwishowe. Kisha tena, "Ilunga, na kale kaguu kake kafupi." Akawa analia na kucheka pamoja. "Myaka yote hii niko nakasirikia Ilunga."

Nikamuuliza kwa nini hakutuma habari. Akasema alituma, mwanzoni. Huko Mwene-Ditu aliugua sana, wakamhesabu pamoja na wafu. Alipopona akamtuma mtu, na yule mtu akafia njiani. Akamtuma mwingine, hakurudi. Ndipo akasikia habari ya mwanaume na mlango.

"Nikasema: basi. Bibi yangu iko na amani, nisimuharibie."

Nawe, Mama, unakumbuka ulichoniandikia? Uliniambia kwamba kama Baba amepata nyumba nyingine kule, aipate kwa amani, nisimfuate kumsumbua. Nilikuwa na barua yako kichwani huku nikimsikiliza. Ninyi wawili mlikuwa mnaachiliana kwa heshima, mmoja huku na mmoja kule, kwa sababu ya uvumi wa mpita njia na kwa sababu ya kimya. Ninafanya kazi ya kuchora nani anajuana na nani, na sikuwahi kufikiri kwamba mstari mmoja uliokatika unaweza kuwatesa watu wawili kwa upole namna hiyo.

Nikamwomba anisomee majina yaliyoandikwa chini ya karatasi. Alisoma polepole, na mimi nikayaandika kwenye kiganja cha mkono wangu, karatasi zilizokuwa mezani sikuziona.

Lilianza jina la Tshiala, msusi wangu. Yeye alimpa mteja wake, Sista mmoja muuguzi aliyekuwa anarudi Katanga. Sasa sikiliza hili: Sista alishuka Lubumbashi, akapanda mpaka Likasi, kwenye zahanati ya masista. Likasi, Mama! Hapakuwa na jina lako wala la mtaa wetu kwenye karatasi ile, kwa hiyo masista hawakujua. Jina la mumeo lilikaa kwa siku fulani karibu na njia unayopita na kapu lako. Pengine mlipishana barabarani.

Sista akampa mtu wa reli aliyemleta mtoto wake kutibiwa. Huyu ni kijana wa Kikula, Mama, wa kwetu. Chini ya jina lake ameongeza maneno: "Namujua huyu bwana. Siku ile nilikuwa stesheni."

Baba aliposoma hapo aliyarudia maneno hayo.

"Minye pia namukumbuka," akasema. "Alikuwa anaimba na bengine. Nilikuwa nimekaa juu ya valizi yangu ya nguo, alipita pembeni yangu na tawi mu mukono. Alikuwa anaimba mingi sana."

"Na ameileta?"

"Ameileta. Treni iliharibika katikati ya pori. Angeitupa pale, nani angejua? Alitembea na yo mpaka Mwene-Ditu, akaipatia mama mumoja anauzisha samaki ya kukauka, asema: mama, weye unafika Mbuji-Mayi, muntu huyu banamutafuta. Hakusema kintu kingine."

Yule mama wa samaki akampa dereva wa mnunuzi wa almasi, na dereva akatambua kovu. Ndio hao tu. Ulaya mpaka Mbuji-Mayi, posta imekufa, barabara zimekufa, nchi imelala chini, na watu wenyewe hawafiki kumi. Hakuna aliyelipwa, na baada ya Tshiala hakuna aliyekuwa anamjua yule aliyeianzisha. Kila mmoja wao angeweza kuwashia moto karatasi ile na asipungukiwe na kitu.

Siku chache baadaye nilisimama mbele ya wakubwa wa chuo kutetea kitabu changu. Nilivaa kitenge ulichonitumia, kile cha majani ya kijani. Waliuliza juu ya hesabu, nikajibu. Profesa wangu, kwa ruhusa yangu, aliwasimulia habari ya karatasi. Akaongeza kwa haki kwamba nyingine nyingi zilipotea, na kwamba moja kufika haithibitishi kitu. Nami nakubali, ndivyo kazi yetu inavyotaka. Ndipo mama mmoja mzee aliyekuwa kati ya wakubwa hao, mwenye nywele nyeupe pee, akaniuliza swali la mwisho.

"Sura yako inasema yule kijana wa reli angeiacha karatasi. Kwa nini hakuiacha?"

Nilikuwa na majibu, Mama. Kuna maneno ya kitaalamu ya kufunika shimo kama lile: sifa, mazoea, kulipizana wema kwa mzunguko. Yalinijia yote mpaka ulimini. Nikamwona yule kijana anatembea porini kwenye mataruma ya reli, na kipande cha karatasi mfukoni chenye jina la mtu ambaye yeye mwenyewe alishiriki kumfukuza.

"Sijui," nikasema.

Yule mama akaandika kitu, akatabasamu kidogo. "Hilo ndilo jibu ninaloweza kuliamini," akasema.

Wakanipa udaktari. Nimepewa pia kazi ya utafiti hapa chuoni, na nikaambiwa nichague swali la kufanyia kazi miaka inayokuja. Nimelichagua lile. Watu wananiuliza kama sina huzuni kwamba sura yangu imepata ufa. Sina. Zamani nilidhani ninajua binadamu ni mnyama wa namna gani, nikamwandika kwa mistari michache. Sasa nikiingia dukani hapa, nikimwona mwanamke asiyenijua ananishikia mlango ili nipite na mizigo yangu, ninasimama kama mjinga. Naogopa kidogo, kwa uzuri wa jambo hilo. Wenzangu wanacheka, wanasema udaktari umenipanda kichwani.

Nisalimie Kambo Numbi, umwambie jina lake ndilo lililofungua mlango kwenye simu. Nisalimie Mado, asome kwa nguvu hata kama mwalimu haji. Nisalimie Mjomba Ilunga kwa namna ya pekee. Mwambie shemeji yake alimkasirikia bure na sasa anamtukuza, na kwamba mlango alioutengeneza umejulikana mpaka Ulaya. Nisalimie masista wa zahanati. Na yule kijana wa reli, kama unaweza kumtafuta kwa hekima, mtafute. Sijui umwambie nini. Labda umpe tu chakula.

Limebaki jambo moja ambalo nimeogopa kuliandika, nikalisukuma mpaka huku chini.

Karibu na mwisho, yule mwenye simu alikuwa anaitaka simu yake. Nilimsikia anamhimiza Baba. Na Baba akasema haraka haraka, "Ngalula, bantu banaanza kurudia kule Likasi, mumoja mumoja, kimya kimya. Uulize mama yako. Uulize kama minye naweza kurudia. Kama mutaa utanikatala, ile si kitu. Ni yeye. Unitafutie jibu yake."

Nilijua barua ingechukua miezi kukufikia, na jibu lako miezi kunirudia, na simu ile sitaipata tena. Nilijua ni swali lako, si langu, na kwamba mtoto hajibu maneno kama hayo mahali pa mama yake. Laini ilikuwa inalia. Nikajibu kwa kinywa chako, Mama. Nikasema, "Mama anasema: uje."

Neno likaondoka. Sikusikia kama lilifika. Simu ilikatika hapo.

Lakini namjua Baba. Kama lilimfikia, yuko njiani. Basi kama nilikosea, nigombezeni wote wawili, mkiwa mmekaa pamoja.

Mtoto wako anayekuheshimu na kukukumbuka,

Ngalula